Paa la shule yetu lilikuwa bati

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nakaa Makorora, Tanga. Tangu kidato cha pili mimi ni mtu wa anime, yaani katuni za Kijapani, hasa zile za watoto wa shule wanaokua, zisizo na mapanga wala majini. Mwaka huu nimejaribu kuandika maisha yangu kwenye daftari. Nimeanza mara tatu, na mara zote tatu nikifika ukurasa wa sita nachana. Nikisoma nilichoandika, yule si mimi. Kuna upepo, kuna kimya kirefu, kuna kijana kasimama juu ya paa la shule anatazama mawingu. Shule yetu haikuwa na paa la kusimama mtu, lilikuwa bati. Halafu maisha yangu hayana kisa: mama anauza vitumbua, baba aliondoka nikiwa darasa la tano, hesabu nilipata F, basi. Dada ananicheka kwamba mtu mzima nalilia katuni. Na nikiandika habari za baba, usiku silali. Je, niache anime kwanza ndipo niandike? Na mtu wa kawaida kama mimi ana lipi la kujiandikia?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Ndiyo mazoea ya kazi, maana ugali wangu unatokana na kuhariri miswada ya watu. Kalamu ilisimama mahali pamoja: "Shule yetu haikuwa na paa la kusimama mtu, lilikuwa bati." Nikapiga mstari. Mtu anayesema hivyo anaweza kuandika, na ajabu yake ni kwamba umeyasema hayo ukiwa unalalamika. Daftari ulilochana sikuliona, ila najua sentensi ile haikuwamo. Kwenye daftari ulikuwa unajipamba. Kwangu ulisema tu kilichokukera.

Hofu yako, nikikuelewa, ni kwamba umeishi na anime hata kumbukumbu zako zimevaa sare za wanafunzi wa Kijapani. Na chini ya hofu hiyo iko nyingine, kubwa zaidi: kwamba zikivuliwa sare, ndani hamna mtu.

Dada tummalize kwanza, yeye ni rahisi. Katuni ni namna ya kutengeneza picha, haina umri. Mwaka 1991 Isao Takahata, mwongozaji wa Studio Ghibli, kampuni ya katuni ya Japani, alitoa filamu iitwayo Omohide Poro Poro, ambayo huenda unaijua kwa jina la Only Yesterday. Mhusika wake, Taeko, ni mwanamke wa miaka 27, mfanyakazi wa ofisini Tokyo, hajaolewa, na nyumbani kwao hawaishi kulitaja hilo. Anachukua likizo, anapanda treni ya usiku kwenda kijijini mkoani Yamagata kuvuna maua ya kutengenezea rangi nyekundu. Mkae na dada mwangalie nusu saa ya mwanzo, halafu tuone nani atatafuta khanga ya kufutia machozi.

Nitakaa na filamu hiyo kidogo, kwa sababu ndani yake limo jibu lako karibu lote.

Njiani Taeko anafuatwa na msichana wa miaka kumi. Ni yeye mwenyewe, mwaka 1966, akiwa darasa la tano. Umeliona hilo? Darasa la tano, kama wewe baba alipoondoka. Na huyo mtoto anafanya nini cha ajabu? Hana anachofanya. Siku moja baba yao analeta nanasi zima nyumbani, kitu ambacho hawajawahi kulila bichi. Hakuna anayejua linakatwaje. Linasubiri mpaka dada mkubwa arudi na maarifa ya kulikata. Wanakusanyika mezani, kila mtu anapewa kipande, wanatafuna: gumu, halina utamu. Mmoja mmoja wanasukuma vipande pembeni, bora ndizi. Mtoto peke yake anaendelea kulila, kwa ukaidi, kwa sababu alilitamani sana.

Wewe na mimi tunacheka, maana kwetu nanasi ni la kununua kwa mama wa kwenye toroli na kukatiwa hapohapo. Lakini mimi nakumbuka epo langu la kwanza. Mjomba alikuja nalo kutoka safari, moja tu, kalifunga kwenye gazeti. Tulikuwa watoto sita. Bibi alilikata vipande vyembamba kwa kisu cha samaki, na lilikuwa lile la unga, likitafunwa linageuka kama kiazi kilichopoa. Sikusema neno. Nililimeza na mbegu. Nilipoona tukio la nanasi mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima na miwani yangu, nikajikuta nasikia harufu ya samaki.

Tena kuna hesabu. Taeko anafeli mtihani wa sehemu. Haelewi unawezaje kugawanya theluthi mbili kwa robo. Dada yake anamwambia geuza tu ya pili kichwa chini miguu juu, uzidishe. Mtoto anachora epo, analikata kwenye karatasi, anataka kujua maana yake ni nini. Anaonekana mjinga. Ukubwani anahisi kwamba wale waliokubali kugeuza bila kuuliza ndio mambo yao yaliyonyooka baadaye. Takahata ametumia dakika kadhaa za filamu ya saa mbili kwa F ya mtoto mmoja. Wewe yako umeifunga kwa neno moja: "basi". Ukitaka kujua kisa chako kimejificha wapi, tafuta kila mahali ulipoandika basi.

Sasa tuje kwenye lile la kuibiwa kumbukumbu. Watu wengi wanadhani kumbukumbu ni picha iliyowekwa sandukuni, ukiihitaji unaitoa ilivyo. Sivyo inavyofanya kazi. Kila unapokumbuka unajenga upya, na unapokosa tofali unachukua lililo karibu. Mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alilionyesha hili katika kitabu cha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waisome, kisha waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Hawakuwa wanadanganya. Pale hadithi ilipokuwa ngeni, akili ilijazia kwa vitu ilivyovizoea.

Kwako imetokea hivyohivyo. Ulivyovizoea, kwa miaka minane ya skrini, ni paa la saruji, korido ndefu, jua la jioni dirishani. Ukikosa tofali la Makorora unachukua la Tokyo.

Hili halikupati wewe tu. Nilipokuwa kijana niliandika mazishi ya babu yangu kule Pongwe, nikaweka mvua ya rasharasha, watu wamejiinamia, maji yanachuruzika kwenye makuti. Niliona fahari na ukurasa ule. Siku moja nikamsomea shangazi. Akanikatiza: "Mvua ipi? Siku ile jua lilikuwa la kupasua kichwa. Kivuli cha mnazi kinahama, na nyie watoto mnahama nacho. Na wewe ulilia kwa njaa." Mvua ile niliitoa kwenye sinema. Tangu hapo kila mswada wenye mvua mazishini nauliza kwanza: ilikuwa mwezi gani?

Swali hilohilo liulize anime. Kwa nini maua ya sakura yanapukutika kila watoto wanapoagana? Kwa sababu mwaka wa shule Japani unaanza Aprili na kumalizika Machi, na Tokyo sakura huchanua mwishoni mwa Machi kuingia Aprili. Ile ni kalenda yao. Walitazama nje ya dirisha wakaandika walichokiona. Wewe umenakili dirisha lao. Kidato cha nne unakifanyia mtihani Novemba, vuli inanyesha, maembe yanaiva. Wakati unaagana na wenzako getini, nini kilikuwa kinaanguka chini?

Halafu kuna kimya. Wajapani wana neno, *ma*, la ule uwazi ulio kati ya jambo na jambo. Hayao Miyazaki, mwongozaji mwenzake Takahata pale Ghibli, aliwahi kumfafanulia mhakiki wa Marekani, Roger Ebert, kwa kupiga makofi matatu manne: muda ulio kati ya kofi na kofi ndio huo. Kwenye filamu kimya kina picha ya kukishikilia: nyasi zinatikisika, sufuria inachemka. Kwenye karatasi, ukiandika "kukawa na kimya kirefu", umepiga kelele za maneno manne. Inakubidi utafute kitu kinachochukua muda. Nikipewa mimi mama yako na mwanawe anayeuliza swali zito, ningeandika hivi: mama aligeuza vitumbua vyote, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, ndipo akajibu. Hapo msomaji wa Tanga amekisikia kimya, na mafuta yakichemka.

Na lile bati lako ndilo hazina. Mvua kubwa ikipiga bati la darasa, mwalimu hasikiki. Anaongeza sauti, anashindwa, anaandika ubaoni, mwishowe anaweka chaki na kukaa. Darasa zima linakaa, hakuna wa kusema na wa kusikia. Hicho kimya cha shule zetu hakipo kwenye anime hata moja niliyoiona, nawe ulikaa ndani yake miaka.

Kwa hiyo jibu la "niache anime?" ni hapana. Ulichokichukua kutoka kwao ni mapambo, na jengo umeliacha. Jengo la Omohide Poro Poro ni hili: manga iliyotangulia, yaani kitabu cha vibonzo, ya Hotaru Okamoto na Yuko Tone, ilikuwa na mtoto peke yake, visa vyake vifupivifupi. Mwanamke wa miaka 27 hakuwamo. Takahata ndiye aliyemwongeza, ili awepo mtu wa kuvikumbuka vile visa na kusumbuliwa navyo. Hata michoro imetenganishwa. Ya ukubwani imejaa kila kitu mpaka mikunjo ya mashavu. Ya utotoni imepauka, na kingo zinafifia kuwa nyeupe, kwa sababu mtu hakumbuki kila kona ya chumba.

Habari za nafsi zinahitaji watu wawili wenye jina moja: aliyetokewa na anayesimulia. Wewe umemweka mmoja tu, kijana mwenye huzuni juu ya paa, na hujui ana miaka mingapi. Ndiyo maana ukisoma unasema si mimi.

Fanya hivi. Fungua daftari kurasa mbili zinazotazamana. Kulia anaandika mtoto wa darasa la tano, na haruhusiwi kusema asichokijua. Mtoto hasemi "nilihisi upweke". Mtoto anasema viatu fulani havikuwepo mlangoni. Kushoto anaandika wewe wa miaka 22, naye anaruhusiwa kubisha, kucheka, kuuliza, kusema hapa sikumbuki. Acha kingo nyeupe. Usimtungie mtoto ukuta asioukumbuka.

Kuhusu haki ya mtu wa kawaida kujiandika: najua linatoka wapi. Kwetu mtu akijisimulia huambiwa anajitapa. Lakini Kiswahili kina watu waliojiandika zamani sana. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alifanya hivyo, simsifu kwa biashara yake, lakini alifanya. Na ukichukua baiskeli ukaelekea kusini unafika Vibambani, jirani na Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Leo tunamwita gwiji, lakini maisha yake ya kazi yalikuwa ya ukarani serikalini, miaka mingi akiwa forodhani, kuhamishwa na kuhamishwa tena. Aliandika maisha yake sehemu mbili, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na ndani yake yamo ya kufiwa na mke na ya kulea watoto, mambo ambayo kila mtaa wa Ngamiani unayo. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye kalamu. Alifariki mwaka 1962, na bado tunamsoma.

Sasa njia zilizopo mbele yako, nami nitasema wazi ninayoipenda. Unaweza kuandika wasifu kamili sasa hivi, tangu kuzaliwa. Sikushauri. Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba watu waliovuka miaka 40 wakiulizwa habari za maisha yao, wanayoyataja hujazana zaidi katika umri wa miaka 10 hadi 30. Wewe upo katikati ya mto huo, bado unaogelea. Unaweza kumpa mtu mwingine maisha yako, ukaita hadithi, ukabadili majina. Hiyo inafaa, na inapunguza woga, ila ina mtego: palipo na uchungu utapakimbia, na hakuna wa kukukamata. Ya tatu, ambayo ndiyo yangu, ni kuandika tukio moja moja, ukurasa mmoja au miwili, bila kuliunga na jingine. Kitumbua kimoja kimoja. Ukishakuwa na ishirini utaona vyenyewe vinavyoitana.

Usimwonyeshe mtu mapema mno, wala usikae navyo peke yako milele. Katika Mimi wo Sumaseba, filamu ya Yoshifumi Kondo ya mwaka 1995, msichana Shizuku wa miaka 14 anaandika hadithi yake ya kwanza mpaka alama za shule zinaporomoka. Anampelekea mzee mwenye duka la vitu vya kale, na sharti lake ni kwamba aisome palepale. Mzee anamwambia ukweli: ni jiwe ambalo halijasuguliwa, lina kito ndani. Msichana analia. Mzee anampa bakuli la tambi za moto. Mtafute msomaji wa namna hiyo, mmoja, asiyekusifu bure wala kukukata miguu. Kama hunaye, pita maktaba ya mkoa, angalia nani anakaa na vitabu vya Kiswahili kila Jumamosi, muanze kwa salamu.

Kuhusu mama, kuna watakaokuambia mficha uchi hazai. Ni kweli kwa uchi wako. Uchi wa mama si wako. Andika vyote daftarini, lakini kabla hujamsomea mtu au kupandisha mtandaoni, msomee yeye. Huenda akakukatalia aya mbili. Huenda pia akakurekebisha mvua, kama shangazi yangu, na hapo utapata vitu ambavyo hukuwa navyo.

Nimeliacha la usingizi nyuma, na silichukulii kiwepesi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo Marekani walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika mambo yaliyowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti zilizokuja baadaye zimeonyesha faida ipo, ila ni ya kiasi, na haimfikii kila mtu. Kwa hiyo kuvurugika kidogo baada ya kuandika habari za baba si dalili kwamba umekosea. Lakini usiyaandike usiku. Andika mchana, weka saa ya simu dakika 15, ikilia funika hata kama sentensi haijaisha, kisha fanya kazi ya mikono: chota maji, pampu baiskeli, msaidie mama kukuna nazi. Siku hiyo usirudi tena kwa baba.

Ukiona wiki mbili zimepita usingizi haujarudi hata siku usizoandika, chakula hakipiti, au mawazo ya kutotaka kuishi yamekupitia hata mara moja, weka daftari chini. Usinisubiri mimi, wala usitafute jibu kwenye filamu. Mwambie mama au dada siku hiyohiyo, na uende hospitali ya Bombo uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Ukifika mapokezi sema tu "silali, na nina mawazo mazito", inatosha. Daftari litakusubiri.

Kama hali si hiyo, basi anza kesho asubuhi, na usianze na baba. Amka mama anapoamka, kaa pale jikoni na daftari, usimsaidie siku hiyo moja. Tazama tui linavyoingia, tazama anajuaje mafuta yamepata moto, tazama anakigeuza kitumbua kwa nini. Ukiniandikia tena, niambie chuma chake cha vitumbua kina mashimo mangapi, na lipi ambalo vitumbua vyake huganda.